Matundu ya Sindano Butu

Karakana ya matanga
6 Januari

Mdogo wangu nahodha,

Sisi wazima. Baba naye mzima ila amenuna, na sababu ya kununa kwake imo ndani ya mfuko mkubwa uliokuja na barua hii. Ufungue polepole. Ni tanga lako jipya la mbele, na sikulishona kwa pamba.

Umeanza kucheka, nakujua. Cheka umalize, halafu usome. Kitambaa hiki kinatoka kiwandani, cheupe, kikavu, ukikikunja kinalia. Maji hakinywi, ukungu haukipati, na ukikivuta hakisogei hata kidogo. Tulikivuta mimi na kinyozi jirani yetu, kila mtu upande wake, mpaka kinyozi akaanguka kitako. Kitambaa kikabaki vilevile. Baba alikuwa kwenye kiti chake pale mlangoni, akasema, "Hicho si kitambaa, hicho ni bati." Tangu siku hiyo hajakigusa. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu, lakini unajua vidole vyake ndivyo vinavyotoa hukumu humu ndani. Basi vidole hivyo amevitia kwapani, na hukumu hakuna.

Mimi nimekata shauri. Nimechukua mchoro uleule wa Baba, ule wa siku zote, nikalaza kitambaa juu yake nikapitisha mkasi. Mama mwenye meli alipita hapa akitoka safari zake, akanieleza bila kupepesa macho: meli yako ikiendelea kungoja upepo ugeuke kila inapokutana na upepo wa mbele, msimu huu ukiisha milingoti itang'olewa na injini kubwa itatiwa mahali pake. Hiyo injini ndogo uliyonayo ya kuegeshea gatini haimtoshi. Sasa niambie, milingoti iking'oka wewe utakuwa nahodha wa nini, na mimi nitakuwa fundi wa nini? Meli yako ndiyo ya mwisho ninayoishonea matanga makubwa. Baada yako ni mapazia na vifuniko vya viti.

Wiki za mwanzo usilikaze sana, liache lizoee, kama tulivyofundishwa. Kisha uniandikie ukweli. Simu ya meli najua ni ya hali ya hewa na ya mwenye meli, na isitoshe mimi na wewe tukipigiana simu tunagombana. Barua ndiyo salama yetu. Ila usinifiche kitu. Ukinificha nitajua.

Dada yako,
Mkasi


Melini
27 Januari

Shikamoo Dada,

Tanga limefika salama. Mabaharia wote walikuja kulishikashika na kutoa maoni kana kwamba mtu ameleta mtoto mchanga nyumbani. Hata Serahangi, yule mkuu wa mabaharia ambaye tangu nimjue hajasifu kitu, aliinama akalinusa. Akasema halina harufu, kwa hiyo halitaoza. Kwa Serahangi hayo ni mashairi.

Dada, tanga ni zuri mno. Mno! Upepo ukitoka nyuma meli inakimbia mpaka mpishi anashika sufuria kwa mikono miwili. Tumbo la tanga limejaa hasa, kama la mtu aliyekula akashiba. Upepo ukija kwa mbele bado tunazoeana, lakini litatulia. Matanga yote hutulia. Tumechelewa kidogo bandari mbili hizi, lakini hayo ni mambo ya msongamano wa magati, hayahusiani na kazi yako. Mikono yako ni dhahabu.

Mpe Baba shikamoo yangu, umwambie bati lake linaruka.

Mdogo wako,
Sindano Butu


Karakana
14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba tena! Barua yako nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Kila nikichoka nainua macho: "mikono yako ni dhahabu." Baba nimemsomea kwa sauti, sehemu hiyo nikairudia ili asiseme hakusikia. Akasema anataka chai.

Sasa kaa chini, nina mambo mawili.

La kwanza, Mama mwenye meli alikuja tena, safari hii amekunja uso. Anasema unachelewa kila bandari. Nikamwonyesha barua yako ilivyo ukutani, nikamwambia Mama, hayo ni magati, si tanga. Tanga lile linapanda upepo wa mbele. Akasema, "Unanipa neno lako?" Nikampa. Akasema, "Basi tuone." Na ameshapanga. Mwisho wa Aprili, upepo utakapokuwa unatoka moja kwa moja kwenye mlango wa bandari yake, atakuja kwa mashua kupanda meli huko nje. Ufunguo wa injini ndogo utakaa mkobani mwake. Mkiingia mpaka gatini kwa matanga peke yake, milingoti inabaki, na meli zake nyingine mbili ataziwekea matanga, nizishone mimi. Mkishindwa, fundi wa chuma ameshapewa siku ya kuja kukata milingoti. Hakuficha, nami sikutetemeka. Neno langu ni barua yako.

La pili, nimeanza tanga kubwa. Kitambaa hichohicho, mchoro uleule. Jaribio litakukuta na matanga mapya yote mawili.

Jana Baba alilainika kidogo wakati wa chai, akaanza yale mazungumzo yake ya zamani. Eti hapo mwanzo kabisa tanga lilikuwa la kusukumwa tu. Meli ilikwenda anakotaka upepo, si anakotaka nahodha. Watu walikaa bandari za ugenini wakingoja upepo ugeuke, wengine wakaoa, upepo ukageuka wakaondoka, wakaja kurudi wakakuta watoto wanatembea. Halafu akatokea mtu mmoja, na Baba anasema lazima alikuwa na haraka ya kurudi kwa mkewe, akalikata tanga kwa umbo jingine, akaligeuza ubavu kwenye upepo. Akagundua kwamba likikatwa sawasawa halisukumwi tena, linavuta. Linavuta meli kuelekea kulekule upepo unakotoka, kwa kukata kushoto na kukata kulia, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kona. "Siku hiyo ndiyo bahari ilipopata barabara," akasema Baba. Nikamuuliza siri yenyewe ni nini. Akasema yote yako tumboni. Tanga lenye tumbo nene linasukumwa. Lenye tumbo jembamba linavuta.

Nilitamani ungekuwepo. Halafu akakumbuka kwamba amenuna.

Dada yako mwenye mikono ya dhahabu,
Mkasi


Melini
2 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako imenikuta tumetia nanga nje ya bandari. Tunapumzika tu.

Kuhusu tanga kubwa, usikate. Yaani usikate kwanza. Huo mkasi nao uupumzishe. Nafikiri ingefaa tuupime mlingoti upya, huenda vipimo vya Baba si vya mlingoti huu. Tena weupe wa kitambaa hiki unaumiza macho mchana, mabaharia wanalalamika. Na wewe mwenyewe hujapumzika tangu mwaka jana. Ngoja nirudi, tukae tuzungumze, ndipo ukate. Si kwamba tanga la mbele lina neno. Halina neno.

Ila Dada, kumpa Mama mwenye meli neno lako bila kuniuliza! Hukuona ungenidokeza kwanza?

Meli moja ya mafuta imetupita hapa asubuhi ikienda zake kwenye upepo huohuo wa mbele. Mpishi wao alitoka nje akatupungia taulo. Serahangi hakumpungia.

Mdogo wako,
Sindano Butu


Karakana
11 Machi

Nahodha,

Tanga kubwa limekatwa, limeunganishwa, limebaki kutiwa kamba ya ukingoni. Umechelewa, na safari hii usisingizie magati.

Vipimo vya mlingoti! Mlingoti huo niliupima mwenyewe nikiwa nimekaa juu yake, wewe ukiwa chini unaomba nisianguke kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa hakijapikwa. Weupe unaumiza macho! Mabaharia wako wanunue kofia. Mwezi mmoja unaniambia mikono yangu ni dhahabu, mwezi unaofuata unaniambia niiweke mfukoni. Unauma na kupuliza, na mimi sipendi kuumwa wala kupulizwa.

Nitakuambia ninachofikiri, maana mimi nikifikiri kitu nasema. Mama mwenye meli ana meli za injini, na meli za injini zinahitaji manahodha. Labda umeshaahidiwa moja. Labda umeshachoka kulowa. Kama ni hivyo sema, lakini usije ukaingia mlangoni ukiwa umelegeza kamba makusudi ili dada yako aumbuke mbele ya watu.

Nimempa mtu neno na sitalirudisha. Tanga kubwa litakufikia kabla ya mwisho wa Aprili, na utalipandisha.

Mkasi


Melini
22 Machi

Shikamoo Dada,

Hayo ya meli ya injini yameniuma, ila sasa sina nafasi ya kubishana. Tumepigwa na dhoruba na tanga la mbele limechanika kona ya chini. Nalituma kwa meli inayokuja huko. Tafadhali shona hiyo kona tu. Hakuna haja ya kulikunjua lote, ni kubwa na karakana ina vumbi. Kona tu, ulirudishe.

Mdogo wako


Karakana
31 Machi

Sindano Butu,

Sikusalimu.

Ukimwambia Mkasi asikunjue kitu, umemwambia akikunjue. Nililitoa mfukoni lote, nikalipandisha kwenye ndoano ya darini mbele ya mlango ule mkubwa, ili niione kona vizuri. Jua la asubuhi likapita nyuma yake. Nikaona nuru inapenya. Vitone vya nuru, mistari kwa mistari, kuanzia juu mpaka chini, karibu na ukingo wa mbele. Mwanzo nikadhani ni wadudu. Nikaita, "Baba, bati lako limeliwa!"

Baba akaja. Ndiyo mara ya kwanza kukigusa kitambaa hiki tangu kiingie humu. Akapitisha vidole juu ya mstari wa kwanza, taratibu, akarudi akapitisha tena.

"Nani kashona hapa?"

"Hakuna aliyeshona hapo, Baba."

"Kuna mtu kashona, kisha akafumua. Hatua moja ndefu, moja fupi, moja imepotea njia." Akaanza kutikisika mabega. Anacheka! "Huyu namjua. Huyu nilimfukuza kwenye meza yangu, akaenda kuwa nahodha."

Yeye alicheka. Mimi nililia, na ninakuambia kwamba nililia kwa sababu mimi sifichi.

Ulikuwa unalikunja tanga langu kwa siri na kulishona mikunjo ili kupunguza tumbo. Kisha ukafumua kabla ya kuleta, ukidhani matundu yataziba. Ndiyo, kwenye pamba yangeziba. Pamba ikilowa inavimba, tundu linajifunga, hakuna anayejua. Kitambaa hiki hakivimbi na hakisahau. Kila ulipochoma, pamebaki palivyo.

Basi nikakaa sakafuni nikajiuliza kwa nini mtu alikunje tanga ambalo ni zuri mno. Ndipo akili ikanijia. Ukingo wa pamba ukivutwa unanyooka, ndiyo maana mchoro wa Baba unauacha na mzingo wa ziada, nyama kidogo ya kuliwa na upepo. Kitambaa hiki hakinyooki. Hata kinyozi anajua, ndicho kilichomwangusha kitako! Nyama ile haikuliwa na kitu, yote ikaingia tumboni. Nilijisifu kwa mdomo kwamba hakivutiki, na mkono wangu ukakikata kama kinachovutika. Na wewe ukakaa hapo ukingoja kitulie, kama pamba, na ulipochoka kungoja ukachukua sindano. Sote wawili tumekifanya pamba. Baba peke yake ndiye aliyekiita kwa jina lake.

Kosa la mkasi ni langu na ninalibeba. Lakini kile kilemba cha ukoka ulichonivika mimi nimekivaa, nikatembea nacho mbele ya Mama mwenye meli, nikaapa nacho. Barua yako nimeibandua ukutani.

Sasa sikiliza. Tanga kubwa lina kosa hilohilo na nimeanza kulifumua tangu jana. Nitayakata yote mawili upya. Mwisho wa Aprili hausogei na mimi sisogei. Ninachotaka kutoka kwako ni kila kitu ulichonificha: limejaa wapi, linakataa lini, mkunjo upi ulisaidia na upi uliharibu. Neno la sifa nisilione hata moja.

Mkasi


Melini
7 Aprili

Shikamoo Dada, hata kama hukunisalimu,

Sikuahidiwa meli ya injini wala sijaomba. Nilinyamaza kwa sababu nilijua barua zangu unamsomea Baba kwa sauti, na akilini nilimwona pale kwenye kiti chake akikusikia unasoma kwamba amekuwa sahihi. Nikasema nitalirekebisha mwenyewe kimyakimya. Halafu ukampa yule mama neno, nikaona maji yamenifika shingoni na bado sikusema. Nisamehe. Sitaongeza maneno, maana umeomba mengine.

Tanga lile halipandi upepo. Tukiligeuza ubavu linavimba mbele, karibu kabisa na ukingo, na meli inaserereka upande badala ya kwenda mbele. Hakukuwa na msongamano wa magati mahali popote. Tulikuwa tunatia nanga nje na kungoja, kama wale wa Baba walioishia kuoa.

Mstari wa kwanza wa matundu, ulio mbali na ukingo, usiufuate. Nilikunja pabaya, tanga likasimama katikati kama limetiwa mfupa. Mstari ulio karibu na ukingo ndio ulionishangaza. Siku ile Serahangi alinigeukia akasema, "Inavuta." Neno moja tu, akaenda zake. Lakini hata huo una kasoro. Chini nilikunja kupita kiasi, na juu nilikunja kidogo mno kwa kuwa uzi uliniishia. Kwa hiyo kata kwa mstari huo, chini uachie kidogo, juu uondoe zaidi. Kona iliyochanika haikuchanika kwa ubovu wa kitambaa, ni mimi niliyelikaza kwa hasira.

Tanga kubwa sijaliona, siwezi kulisema. Likifika nitakuambia lilivyo, liwe zuri au baya.

Sijui kama unaweza kumaliza kwa muda huu. Ila mimi nitakuwa pale nje ya mlango siku hiyo, uje mfuko au usije.

Mdogo wako,
Sindano Butu


Karakana
18 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba.

Hiyo ndiyo barua. Nimefanya nayo kazi, nimeilaza mezani juu ya kitambaa mpaka imejaa chaki. Nimeutupa mchoro wa Baba. Si kwa hasira, nilimwomba ruhusa kwanza. Akasema, "Huo ni mchoro wa pamba. Pamba ikirudi utachora mwingine."

Halafu akavuta kiti mpaka mezani. Sikumwita. Akashika upande mmoja wa tanga kubwa akasema, "Leta sindano." Nami ndiye ninayemtungia uzi. Ameshona sehemu yake, mimi yangu, na vidole vyetu vimechubuka maana bati hili ni gumu kweli. Kinyozi ametufungia ncha za vidole kwa vitambaa vyake vya kunyolea. Hatukulala vizuri, tumekula tukiwa tumesimama, na tumegombana kama zamani. Nina furaha ambayo sikutegemea kuwa nayo mwaka huu.

Mifuko miwili inakuja na barua hii. Mambo ya tanga la mbele yasikilize vizuri: mkunjo wako mzuri nimeukata, umekuwa mshono wa kweli. Lakini ule mstari wa kwanza, ule mbaya, nimeuacha palepale na matundu yake. Hayadhuru kitu, nimeyatazama. Jua likiwa nyuma ya tanga utayaona yanawaka. Kila ukitaka kuniandikia kwamba kila kitu ni kizuri mno, inua macho kwanza.

Jikaze. Usimwangalie yule mama usoni, angalia tanga.

Dada yako,
Mkasi

Baba ananiambia niandike: Mwanangu, vuta kamba mpaka liache kutetemeka, kisha usiguse. Ulikuwa na tabia ya kugusagusa.


Gatini
1 Mei

Shikamoo Dada, shikamoo Baba,

Barua hii naiandikia gatini. Tumeingia.

Naanza mwanzo. Mama mwenye meli alipanda nje jana asubuhi, amevaa viatu vya ofisini, mkoba kwapani. Nilimpa kiti, hakukikalia. Upepo ulikuwa unatoka mlangoni kama ulivyosema, unatupiga usoni, na mlango wenyewe una miamba huku na ukuta wa mawe kule. Tukakata kushoto. Nilivuta kamba mpaka tanga likaacha kutetemeka, na mkono nikautia mfukoni nisiguse. Baba, nilisikia sauti yako kabisa.

Dada, ilipanda! Meli iliinama kidogo ikaanza kwenda mbele, kwenye upepo uleule uliokuwa unatufumbisha macho. Tukakata kulia, tukakata kushoto. Kila tukigeuka, nyumba za pwani zilikuwa zimesogea. Mpishi alikuwa anaimba.

Halafu tukafika pale pembamba. Pale huwezi kwenda mbali kabla ya kugeuka. Unageuka, unapata mwendo kidogo, mwamba huo hapo, unageuka tena. Upepo ukapungua ghafla. Ukuta wa mawe ukawa karibu mpaka nikaona watu waliokaa juu yake, mmoja anakula mkate. Mama mwenye meli akafungua mkoba, akanyoosha mkono. Ufunguo.

"Nahodha, chukua. Sitaki tufe kwa sababu ya kitambaa."

Sikufichi. Mkono wangu ulitoka mfukoni. Nilitaka kuuchukua. Nikainua macho, na jua lilikuwa nyuma ya tanga la mbele, na matundu yangu yalikuwa yanawaka, hatua ndefu, hatua fupi, yanayumba mpaka juu. Pembeni yake mshono wako, umenyooka, na kitambaa kimelala pale bila tetemeko hata moja. Lilikuwa linavuta. Upepo kidogo ule, na bado linavuta. Nikasema, "Mama, rudisha mkobani." Nikapiga kelele wageuze.

Meli iligeuka. Yule mtu wa ukutani aliacha mkate.

Kutoka hapo sikumbuki sana. Najua Serahangi alifunga kamba gatini, akaupiga mlingoti makofi mawili kama mtu anayemsalimu rafiki. Mama mwenye meli alikaa hatimaye kwenye kiti. Akasema milingoti haitang'olewa, na kwamba nikuambie upime hizo meli nyingine mbili. Kisha akavua viatu. Milingoti inabaki, Dada. Inabaki!

Sasa ukweli mwingine, maana niliahidi. Tanga la mbele sina la kusema juu yake. Tanga kubwa lina kasoro. Ukingo wa nyuma, sehemu ya juu, unapigapiga. Kitambaa pale kimeachiwa ulegevu, na upepo ukiwa wa mbele unatikisika kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Unatupunguzia mwendo, na ukiachwa hivyo utachanika. Aliyeshona pale aliwaza pamba. Ukingo huo urudi mezani.

Mdogo wako,
Sindano Butu


Karakana
9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimepiga kelele mpaka kinyozi akaja mbio na wembe mkononi, na mteja nyuma yake amenyolewa nusu.

Kuhusu ukingo wa nyuma, sehemu ya juu. Ile aliishona Baba.

Nilipofika hapo nikasita. Nikafikiria kuruka mistari. Halafu nikamsomea yote, mpaka "aliyeshona pale aliwaza pamba." Akanyoosha mikono yake akaigeuza, akajipapasa ncha za vidole.

"Kweli," akasema. "Niliuachia ulegevu nikijua utajivuta." Kisha akasema, "Mwambie alete."

Barua yako ndiyo iliyo ukutani sasa, juu ya cherehani, hiyo yenye kasoro. Baba ameshavuta kiti, na tangu asubuhi kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Nimemwambia wewe uko mbali na msimu huu upepo wote unatoka huku kwetu. Amesema hayo ni maneno ya watu wa zamani.

Upepo uko mbele yako njia nzima. Njoo hivyohivyo.

Dada yako,
Mkasi